Baada ya Kisu: Historia ya Uuguzi wa Tundu la Hewa Shingoni

Upasuaji wa kufungua njia ya hewa shingoni, ambao leo huitwa trakeostomi, ni kazi ya dakika chache mikononi mwa mpasuaji aliyeizoea, lakini mgonjwa aliyefanyiwa huishi na matokeo yake kwa siku, kwa miezi, au kwa maisha yake yote. Trakea, yaani bomba la hewa linaloanzia chini ya zoloto, kilipo kisanduku cha sauti, na kuteremka hadi linapogawanyika kuelekea mapafu mawili, hupasuliwa kwa mbele, kwa kawaida baina ya pete ya pili na ya nne za gegedu zinazoishikilia isibonyee, kisha mrija mfupi uliopinda, uitwao kanula, huingizwa ili mgonjwa apumue bila kupitisha hewa puani wala mdomoni. Vitabu vinavyosimulia historia ya upasuaji huu hupenda kutaja majina ya wapasuaji na kukomea pale kisu kinapowekwa chini. Hata hivyo, mtu akifuatilia mambo yalivyokwenda tangu enzi za Wagiriki, ataona kwamba wagonjwa wengi waliovuka salama meza ya upasuaji walipotea baadaye, kwa makohozi yaliyokauka ndani ya mrija, kwa mrija uliochomoka usiku, kwa kidonda kilichooza, au kwa mshipa wa damu uliolika polepole bila mtu kujua. Simulizi hii inahusu kile kilichotendeka kando ya kitanda.

Matabibu wa Ugiriki na Rumi waliujua upasuaji huu, nao hawakuafikiana juu yake. Galen alimtaja Asclepiades wa Bithynia, tabibu wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, kuwa ndiye aliyeupendekeza kwa waliokabwa na uvimbe wa koo. Aretaeus wa Kapadokia aliukataa kwa hoja kwamba kidonda chenyewe huzidisha uvimbe na kikohozi, na kwamba kingo za gegedu, kwa kuwa si nyama, haziwezi kushikana tena. Antyllus aliweka masharti yenye busara ya kushangaza kwa zama zake: pakatwe kwa upana, chini ya pete ya tatu au ya nne, bila kuligusa gegedu ila utando tu unaoziunganisha pete, na pasikatwe kabisa ikiwa ugonjwa umekwisha kushuka hadi mapafuni, maana hapo hakuna faida. Maandishi yake yenyewe yalipotea, na mafundisho hayo yanajulikana kwa sababu Paul wa Aegina aliyahifadhi katika kitabu chake cha karne ya 7, pamoja na agizo kwamba hatari ya kukosa hewa ikishapita kingo za kidonda zichubuliwe upya na kushonwa.

Hoja ya Aretaeus kuhusu gegedu ilidumu kwa karne nyingi, na waliothubutu kuipima walikuwa waganga wa Andalusia. Al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliitwa kumtazama mjakazi aliyejikata koo kwa kisu; alikuta hewa ikitoka kwenye jeraha huku mishipa mikubwa ya damu ikiwa haijaguswa, akashona, na msichana akapona akabaki na ukwaruzo wa sauti tu, jambo lililomfanya tabibu huyo aamini kwamba jeraha la mahali pale si hukumu ya kifo. Karne moja na nusu hivi baadaye Ibn Zuhr wa Seville alitaka uthibitisho usiotegemea bahati: alipasua trakea ya mbuzi, akawa anakiosha kidonda kwa maji yaliyochanganywa na asali mpaka kikafunga, na mbuzi akaendelea kuishi. Watu wengi humtaja mbuzi huyo kwa sababu ya kisu, ilhali jibu la swali lilipatikana katika siku zile za kuosha, kwani jaribio lisilo na uangalizi wa kidonda lingempa Aretaeus ushindi wa bure.

Italia ya karne ya 16 ilileta vyombo. Mwaka 1546 Antonio Musa Brasavola wa Ferrara aliandika habari za mgonjwa mwenye jipu kooni aliyeokolewa kwa njia hii. Fabricius ab Aquapendente akapendekeza mrija mfupi wenye mabawa madogo ili usizame ndani ya trakea. Giulio Casserio akaupinda mrija huo ufuate mwelekeo wa njia ya hewa. Huko Paris, mwaka 1620, Nicolas Habicot alisimulia wagonjwa wanne, mmoja wao kijana wa miaka 14 aliyemeza sarafu za dhahabu zilizofungwa kitambaani ili wezi wasizichukue, zikakwama kwenye umio na kuibana trakea kwa nyuma.

Kwa wauguzi, hata hivyo, mwaka wenye maana zaidi katika kipindi chote hicho ni 1730, pale George Martine, tabibu wa Uskochi, alipotoa taarifa ya mgonjwa wake na kutaja wazo alilolipata kwa mchungaji mmoja wa kanisa: mrija uwe na mwingine ndani yake, ili ule wa ndani utolewe, usafishwe na kurudishwa pasipo kumsumbua mgonjwa, huku ule wa nje ukiendelea kuilinda njia. Trakea hutoa ute mchana na usiku, na ute huo hunata na kugandamana kwenye kuta za chombo chochote kilichowekwa humo. Mwenye mrija mmoja tu hana budi kuchagua kati ya kuuacha uzibe na kuuchomoa wote, akihatarisha tundu lijifunge. Fundisho hilo lilichukua karibu miaka 100 kuenea, na wakati huohuo woga wa upasuaji wenyewe haukuwa umekwisha: tarehe 14 Desemba 1799, George Washington alipokuwa akikabwa na maradhi ya koo nyumbani kwake Mount Vernon, Elisha Cullen Dick, mdogo kuliko wote kati ya madaktari watatu waliokuwapo, alishauri trakea ifunguliwe, wakubwa wake wakakataa, na rais huyo mstaafu akafa usiku ule baada ya kutolewa damu mara kadhaa.

Kilichovunja woga huo ni dondakoo. Ugonjwa huu wa bakteria, uliokuwa ukiua watoto kwa wingi barani Ulaya, hujenga kooni utando wa kijivu ambao hukaza njia ya hewa mpaka mtoto anakufa akiwa macho, akihangaika mbele ya wazazi wake. Mwaka 1807 ulimuua mpwa wa Napoleon, naye mfalme akatangaza tuzo kwa atakayeueleza ugonjwa wa namna hiyo na tiba yake. Mwaka 1825, mjini Tours, Pierre Bretonneau alimpasua binti mdogo wa rafiki yake, na mtoto akapona. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kilichoupa ugonjwa huo jina lake la kitaalamu. Mwanafunzi wake, Armand Trousseau, ndiye aliyeupeleka upasuaji huo katika hospitali za watoto za Paris, na alipokuja kuhesabu kazi yake alisema amewapasua zaidi ya wagonjwa 200 wa dondakoo na kuwaona robo yao wakipona. Kwa msomaji wa leo robo ni kidogo, lakini watoto hao walipasuliwa wakiwa wamebakiza saa chache za kuishi.

Mihadhara ya Trousseau inapendeza zaidi pale anapoacha habari za kisu. Alisisitiza kanula yenye mirija miwili, akitaka ule wa ndani usafishwe mara kwa mara, na alitaka shingo ya mtoto izungushiwe kitambaa chepesi ili hewa aivutayo ipite kwanza humo ikiwa na joto na unyevu wa pumzi yake mwenyewe. Sababu yake inaeleweka vizuri sasa: pua, mdomo na koo hufanya kazi ya kuipasha hewa moto, kuilowesha na kuichuja vumbi kabla haijafika kifuani, na aliyepasuliwa shingo amenyimwa huduma hiyo yote, kwa hiyo hewa kavu na baridi huingia moja kwa moja, ute unakuwa mzito, vinyweleo vidogo vinavyosukuma uchafu kwenda juu vinalegea, na gamba gumu linajijenga ndani ya mrija. Vichujio vya plastiki vinavyovikwa leo kwenye kanula, ambavyo hunasa joto na unyevu wa pumzi inayotoka na kuurudisha kwa ile inayoingia, vinafanya kazi ileile ya kitambaa cha Trousseau. Katika wadi za dondakoo za enzi hizo birika la maji yanayochemka liliwekwa karibu na kitanda, wakati mwingine mvuke ukielekezwa chini ya hema la shuka.

Jambo moja lilikosa chombo, nalo ni kuondoa utando na makohozi yaliyoziba mrija ghafla. Mashine za kufyonza hazikuwapo wadini, na waliokuwa zamu walijikuta wakitumia midomo yao. Mnamo Oktoba 1884 Samuel Rabbeth, daktari kijana wa Royal Free Hospital ya London, alifyonza kwa mdomo mrija wa mtoto mwenye dondakoo aliyekuwa akikata roho. Mtoto hakupona, na Rabbeth aliambukizwa akafa mwezi huohuo. Jina lake limo kwenye kibao cha vigae katika bustani ya Postman's Park mjini humo, penye kumbukumbu za watu wa kawaida waliokufa wakiokoa wengine. Mwaka uliofuata Joseph O'Dwyer wa New York alitangaza mirija midogo ya kupitishwa mdomoni hadi kwenye zoloto bila kukata shingo, na kuanzia 1894 dawa ya kupambana na sumu ya dondakoo, iliyotokana na damu ya farasi waliokingwa, ilianza kupunguza idadi ya watoto waliohitaji kisu.

Miaka hiyohiyo mgonjwa mmoja mashuhuri alilifanya tundu la shingoni kuwa habari ya magazeti ya Ulaya nzima. Mrithi wa ufalme wa Ujerumani, Friedrich, alianza kukauka sauti mapema mwaka 1887. Madaktari wake wa Kijerumani walihofia saratani ya zoloto na kutaka kupasua, lakini Morell Mackenzie, bingwa aliyeitwa kutoka London, alisita kwa kuwa vipande vya nyama vilivyopimwa havikuonyesha saratani. Kufikia Novemba hapakuwa na shaka tena. Tarehe 9 Februari 1888, huko San Remo, pumzi ilikuwa imebana kiasi kwamba Fritz Gustav von Bramann, msaidizi wa mpasuaji Ernst von Bergmann, alimfungua trakea. Mwezi mmoja kamili baadaye baba yake alifariki, na Friedrich akawa kaisari asiyeweza kutamka amri, kwani hewa ya mtu mwenye kanula hutokea shingoni bila kuzipitia nyuzi za sauti. Aliendesha dola kwa vipande vya karatasi alivyoandika.

Tarehe 12 Aprili kanula yake ilimsumbua, na Bergmann aliitwa kuibadilisha. Mrija haukuingia penye njia. Ulipenya kwenye nyama iliyo mbele ya trakea, kaisari akakohoa kwa nguvu na kutoka damu, hadi msaidizi alipofanikiwa kuuweka mahali pake. Mackenzie alidai kwamba jipu lililofuata lilitokana na tukio hilo, Wajerumani wakakanusha, na ugomvi huo ukaendelea vitabuni baada ya kaisari kufariki tarehe 15 Juni, akiwa ametawala siku 99. Saratani ingemuua kwa vyovyote, hilo halina mjadala. Lakini ajali iliyompata ina jina katika mafunzo ya uuguzi, yaani njia ya uongo: katika siku za mwanzo tundu halijapata ukuta wa kovu wa kulishikilia, au uvimbe umelipindisha, na mrija ukitoka tishu hujifunga mara moja, hivi kwamba anayeusukuma kwa pupa huupeleka kando ya trakea. Ndiyo maana badiliko la kwanza huachiwa mtaalamu, kwa kawaida si kabla ya siku kadhaa kupita, na mrija wa akiba wa kipimo kilekile pamoja na mwingine mdogo zaidi hukaa kando ya kitanda saa zote.

Karne ya 20 ilifunguliwa na mtu aliyekuwa na tabia ya kuhesabu makosa. Chevalier Jackson wa Pennsylvania, katika makala ya mwaka 1909, aliupa upasuaji huu utaratibu wa hatua kwa hatua, akasanifu kanula ya fedha yenye mpindo unaolingana na shingo na mrija wa ndani unaotoka, na vifo vinavyotokana na upasuaji wenyewe vikashuka sana mikononi mwake. Mwaka 1921 alichapisha uchunguzi juu ya wagonjwa 200 waliokuja kwake njia zao za hewa zikiwa zimesinyaa kwa makovu, na akaonyesha kwamba wengi wao walikuwa wamekatwa juu mno, karibu na pete ya krikoidi iliyo chini ya zoloto, ambayo ni duara kamili na haisamehe jeraha. Aliandika pia kuhusu uuguzi kwa ukali usio wa kawaida kwa wapasuaji wa zama zake, akishikilia kwamba mgonjwa asiyeweza kuita msaada asiachwe peke yake.

Miaka 31 baada ya makala hiyo ya pili, uuguzi wa kanula ulifanyika kwa kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Katika kiangazi cha 1952 Copenhagen ilikumbwa na mlipuko wa polio, na hospitali ya Blegdam, iliyopokea wagonjwa wa maambukizi wa mji mzima, ilifikia siku za kulaza watu 50. Wengi walikuwa na polio iliyoshika shina la ubongo: misuli ya kumeza ilipooza, mate na matapishi yakaingia mapafuni, na kupumua kukafifia. Hospitali ilikuwa na mashine moja ya pipa la chuma, ambayo humzunguka mgonjwa na kukipanua kifua chake kwa mvuto wa hewa, na sita ndogo za kufunika kifua. Wala pipa halikuweza kumzuia mtu asizame kwa mate yake mwenyewe. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza waliotibiwa kwa mashine hizo, 27 walikufa.

Mkuu wa idara, H. C. A. Lassen, alikubali kumwita Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, na tarehe 27 Agosti Ibsen alipewa msichana wa miaka 12 aliyekuwa akielekea kufa. Trakea ilifunguliwa kwa ganzi ya mahali, mrija wa mpira wenye puto la kuziba pembeni ukawekwa, lakini msichana alijikaza na mapafu yakagoma, mpaka baadhi ya waliokuja kutazama wakaanza kuondoka. Ibsen alimlaza kwa dawa ya usingizi, upinzani ukaisha, na mfuko wa mpira uliojaa oksijeni, ukiminywa kwa mkono, ukaanza kumpumulisha. Ndani ya siku chache utaratibu huohuo ulipelekwa kwa wengine, na kwa kuwa hapakuwa na mashine za kufanya kazi hiyo, wanafunzi wa udaktari na wa meno wapatao 1,500 walipokezana zamu kuminya mifuko kwa jumla ya saa 165,000. Wakati fulani wagonjwa 70 walikuwa wakipumulishwa kwa mkono kwa pamoja. Wauguzi waliwageuza, wakawafyonza makohozi na kuzilinda kanula zisichomoke katika kugeuzwa huko, kwa watu ambao hawakuweza kusema, wala wengi wao kusogeza mkono. Vifo katika kundi hilo vilishuka kutoka zaidi ya asilimia 80 hadi karibu 40 kabla ya mwaka kwisha. Wadi za wagonjwa mahututi za dunia ya leo hujihesabu kuwa zimezaliwa katika vyumba hivyo.

Puto lililowaokoa wagonjwa wa Copenhagen halikuwa jipya, kwani Friedrich Trendelenburg alikwisha kulitumia karibu mwaka 1870 kuzuia damu isishuke mapafuni wakati wa kupasua, ila matumizi ya wiki na miezi yalifichua dosari yake. Maputo ya mpira mgumu yalihitaji shinikizo kubwa ili yatanuke, na shinikizo hilo lililibana tabaka laini la ndani ya trakea hadi likakosa damu, likafa, na mahali pake pakaota kovu. Mgonjwa aliyekwisha kupona polio au ajali alirudi miezi kadhaa baadaye akikoroma, trakea yake imekuwa nyembamba. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Joel Cooper na Hermes Grillo, huko Boston, walionyesha kwa uchunguzi kwamba kosa ni la puto, na maputo mapana ya plastiki laini, yanayoziba kwa shinikizo dogo, yakachukua nafasi. Hata hayo hujazwa kupita kiasi na mkono usiopima. Mwaka 1984 Seegobin na van Hasselt, kwa kuchungulia ndani ya trakea za wagonjwa, walikuta damu ya tabaka hilo ikianza kupungua shinikizo linapozidi sentimita 30 za maji na kukatika kabisa likifika 50, ndiyo maana muuguzi hulipima puto kila zamu na kulishika kati ya 20 na 30.

Tatizo la kutisha kuliko yote ni la ateri kubwa inayopita mbele ya trakea nyuma ya mfupa wa kidari. Kanula iliyokaa chini mno, au ncha na puto linalosugua, huweza kuutoboa ukuta kati ya trakea na ateri hiyo, jambo lililoandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1879 kuhusu mtoto aliyekuwa na dondakoo. Hutokea kwa wachache, mara nyingi ndani ya wiki tatu za kwanza, na aghalabu hutanguliwa na damu kidogo ambayo ni rahisi kuidhania kuwa mkwaruzo wa mrija wa kufyonzea. Muuguzi anayeitilia maanani damu hiyo ndogo na kumwita mpasuaji papo hapo amempa mgonjwa nafasi. Ikishafumka, kilichobaki ni kulijaza puto kupita kawaida, au kuingiza kidole kupitia tunduni na kuibana ateri dhidi ya mfupa hadi chumba cha upasuaji.

Suala la sauti, lililomnyamazisha kaisari, lilipata jawabu kutoka kwa mgonjwa mwenyewe. David Muir, kijana wa Marekani aliyepooza kwa ugonjwa wa misuli na kutegemea mashine ya kupumulia, alibuni katika miaka ya 1980 vali ndogo inayoruhusu hewa kuingia kwa kanula na kuilazimisha itoke kwa juu, kupitia nyuzi za sauti. Vali hiyo ina sharti moja lisilo na msamaha: puto lazima litolewe hewa yote kwanza, la sivyo mgonjwa huvuta pumzi asiweze kuitoa.

Uchunguzi mkubwa wa matatizo ya njia ya hewa uliofanyika Uingereza na kutangazwa mwaka 2011 ulikuta kwamba katika wadi za wagonjwa mahututi chanzo kikuu cha vifo na madhara makubwa ya namna hiyo ni kanula iliyohama mahali pake, hasa kwa wagonjwa wanene. Mwaka uliofuata mwongozo wa taifa ulielekeza kwamba kanula ikiziba oksijeni itolewe usoni na shingoni kwa pamoja, mrija wa ndani utolewe kwanza, kipimo cha hewa ya kaboni kitumike kujua kama pumzi inapita, na mrija usiopitisha kitu uondolewe bila kusubiri. Uliagiza pia bango juu ya kila kitanda, kwa sababu tangu Theodor Billroth alipoondoa zoloto lote la mgonjwa mjini Vienna mkesha wa mwaka 1874, wapo watu ambao trakea zao zimeshonwa kwenye ngozi na haziunganiki tena na mdomo, na anayewabania kifuko cha oksijeni usoni anawapoteza. Bango la kijani humwambia muuguzi wa zamu kwamba njia ya juu ipo; jekundu humwambia kwamba haipo.